Upana wa Rula na Upana Unaobeba: Kukata Kanda za Majaribio ya Labo

Chukua mfuko mtupu wa unga wa bukari (ugali), ule wa kilo 25 uliofumwa kwa tepe nyeupe za plastiki. Piga mistari miwili ya kalamu iliyoachana milimita 50, kata kwa mkasi, bana ukanda huo kwenye taya za mashine ya kuvuta, kisha usome kani iliyoukata. Kata ukanda mwingine jirani yake, mfuko uleule, rula ileile. Namba ya pili ikishuka kwa moja ya tano, usikimbilie kumwita fundi wa mashine. Hesabu kwanza tepe zinazotoka taya ya juu mpaka taya ya chini bila kukatizwa njiani. Ukanda wa kwanza unaweza kuwa nazo 20, wa pili 16, na rula bado inaapa kwamba zote mbili ni milimita 50.

Rula inapima kitu kilicholala mezani. Mashine inapima kinachobeba mzigo. Kazi ya mkataji ni kuhakikisha vipimo hivyo viwili vinakuwa kimoja, na namna ya kufanya hivyo hubadilika kwa kila aina ya bidhaa. Lubumbashi, mji wa migodi wa Kongo, mezani panafika mengi: mifuko ya unga, mifuko mikubwa ya tani moja inayojazwa kobalti kabla malori hayajaelekea Kasumbalesa mpakani na Zambia, karatasi za mifuko ya saruji, jeomembrani nyeusi zinazotandazwa chini ya mabwawa ya migodi, mabati ya kuezekea. Mtu anayevikata vyote kwa kisu kimoja na mazoea mamoja atapata majibu mazuri kwa kimoja na upuuzi kwa vingine.

Kosa dogo linavyokua

Mashine ya kuvuta haijui upana wa ukanda wako. Inajua kani tu, kwa nyutoni. Upana na unene unaandika wewe, nayo inagawanya. Tuseme ni filamu ya plastiki yenye unene wa milimita 0.05, imekatwa kwa upana wa 25. Eneo lake ni milimita za mraba 1.25. Ikikatika kwa nyutoni 31, jibu ni megapaskali 24.8, yaani nyutoni 24.8 kwa kila milimita ya mraba. Sasa tuseme upana wa kweli ulikuwa 24.2, ila hakuna aliyeupima, mtu ameandika tu 25 kwa sababu ndivyo fomu inavyosema. Kwa upana wa kweli jibu ni 25.6. Kama mkataba wa mnunuzi unadai 25, filamu hiyo imefeli kwenye karatasi na imefaulu kwa haki, na jora zima litarudishwa kwa sababu ya milimita 0.8.

Viwango vinavyotumika duniani vinalijua hilo. ASTM D882, kinachohusu plastiki nyembamba kuliko milimita 1, kinakubali kanda za upana wa milimita 5 hadi 25.4, mradi upana ufike angalau mara 8 ya unene. ISO 527-3 kinataka milimita 10 hadi 25, na urefu usiopungua 150. Kwa karatasi, ISO 1924-2 ni mkali zaidi: milimita 15, kosa lisizidi 0.1, na taya ziachane milimita 180. Kwa vitambaa vilivyofumwa, ISO 13934-1 kinataka milimita 50 na kosa lisizidi 0.5, taya zikiachana 200.

Pima hiyo 0.1 ya karatasi dhidi ya kazi ya mkono. Mtu anaweka rula, anakata ukingo mmoja. Anahamisha rula, anakata wa pili. Kila anapoiweka, kosa la robo milimita ni la kawaida hata kwa mwenye macho mazuri. Makosa mawili yakienda pande tofauti, ukanda una 14.5 au 15.5. Hiyo ni mara tano ya kinachoruhusiwa, tena bila uzembe wowote. Ndiyo maana kukata kingo mbili kwa mikato miwili ni njia ya dharura, na kukata zote mbili kwa mpigo mmoja ndiyo njia ya labo.

Nyembe mbili na kipande cha kati

Kifaa chenyewe ni rahisi: nyembe mbili zilizofungwa sambamba, na katikati kipande cha chuma kinachoamua upana. Labo yenye fedha hununua cha mezani chenye mkono wa kushusha. Isiyo nazo humpelekea mchoro fundi anayekereza vyuma, na hapo mjini mafundi wa namna hiyo hawakosekani, maana migodi imewalea kwa miaka mingi.

Tatizo huwa kwenye mchoro. Mtu anataka ukanda wa milimita 15, anaagiza kipande cha kati cha 15.0, anafunga nyembe, anakata, anapima, anakuta 15.4. Fundi analaumiwa bure. Wembe wa kile kisu ambacho ncha yake huvunjwa kipande kwa kipande ikiwa butu una unene wa karibu milimita 0.4 na umenolewa pande zote mbili, kwa hiyo makali yako katikati ya unene wake. Umbali kutoka makali hadi makali ni kipande cha kati, jumlisha nusu ya wembe huu na nusu ya ule. Ukitaka 15.0 chonga kipande cha 14.6. Ukipata nyembe zilizonolewa upande mmoja tu, elekeza pande bapa zitazamane. Hapo kipande cha 15.0 kinatoa 15.0, na ukingo wa ukanda unabaki wima kwa sababu mteremko wa mnoo unasukuma taka iliyo nje, haugusi ukanda.

Nyembe zote mbili zitoke pakiti moja na zibadilishwe siku moja. Ukichanganya mpya na kuukuu, kuukuu huburuta, mpya hupita, na ukanda unapinda kama reli iliyolegea. Kabla ya kugusa sampuli kata karatasi ya ofisi na upime upana mahali patano. Ukiona unapungua taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, nyembe haziko sambamba. Ukiona unapanda na kushuka, kuna skrubu iliyolegea.

Filamu nyembamba ina tabia ya kukunjamana mbele ya wembe. Ilaze kati ya karatasi mbili za ofisi, zote tatu zikatwe pamoja juu ya ubao wa plastiki ngumu au mkeka wa kukatia. Inamisha kifaa kiasi cha digrii 30, anza kuvuta ukiwa nje ya sampuli na umalizie nje ya sampuli, kwa mvuto mmoja usiosita. Tazama kinachotokea mkono unaposita katikati: makali yanazama kidogo pale yaliposimama, na unapoanza tena yanaanza kwa pembe tofauti kwa unywele. Kwa macho huoni kitu. Kwa kioo cha kukuza mara 10 unaona kidato kidogo ukingoni. Mashine itakiona pia, na ukanda utakatikia hapohapo.

Usipange filamu kumi ukazikata kwa mpigo mmoja ili kuokoa muda. Ya juu inatoka sawa, za chini zinateleza na kutoka na upana wake zenyewe.

Mkasi hauna nafasi hapa isipokuwa kupunguza kipande kikubwa kuwa kidogo. Kila mkasi unapofunga na kufunguka huacha kidato pale mkato mmoja ulipoishia na mwingine ulipoanzia, nayo hiyo ni mialiko ya ufa iliyopangwa kila sentimita chache. Mashine ya ofisini ya kukatia karatasi, ile yenye kisu kinachoshuka kama mkono wa pampu, inasukuma karatasi pembeni kadiri kisu kinavyoshuka. Bila kibanio kizuri ukanda unatoka mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine.

Kuhusu muda wa kubadilisha wembe, hakuna idadi ya mikato inayofaa kwa kila kitu. Jeomembrani huua wembe haraka, filamu laini huutumia taratibu, na karatasi, kwa jinsi inavyoonekana nyororo, ina madini ndani yake yanayokwangua chuma. Dalili ni ukingo wa ukanda kuwa mweupe, kujikunja, au kutoa manyoya. Utaratibu unaofaa ni kuvunja kipande kipya cha wembe kwa kila seti ya kanda kumi. Huo ni ubadhirifu machoni pa mhasibu peke yake.

Kalibu ya makali

Kwa kazi nyingi zinazofanana, kuna kalibu ya chuma yenye makali, unayoilaza juu ya sampuli na kuigandamiza. Kuta zake za ndani lazima ziwe wima na mnoo uwe nje, kwa sababu ileile ya nyembe. Igandamize kwa presi, mpigo mmoja. Nyundo hufanya kazi, lakini nyundo hupiga mara mbili, na kalibu ikiruka hata kidogo kati ya pigo la kwanza na la pili, ukingo unapata mikato miwili iliyopishana. Chini yake weka ubao wa plastiki uliosawazishwa, na uuhamishe kila baada ya mikato kadhaa, vinginevyo makali yanaingia kwenye mfereji wake wa jana na sampuli inapasuliwa badala ya kukatwa.

Ubaya wa kalibu ni kwamba hairudii uzuri wake tu, hurudia na kasoro zake. Makali yakipata pengo dogo kwa kuangushwa sakafuni, pengo hilo litachapwa mahali palepale kwenye kila ukanda, na majibu yatafanana vizuri sana huku yote yakiwa ya uongo. Majibu yanayofanana humtuliza mtu, na hiyo ndiyo hatari yake.

Turudi kwenye mfuko

Tepe za mfuko wa bukari ni za polipropilini. Zinazopanda kwa urefu wa mfuko ni mtande, zinazouzunguka ni mshindio. Chukulia kitambaa chenye tepe 4 kwa kila sentimita, kila moja na upana wa milimita 2.5. Ukanda wa milimita 50 ni tepe 20. Katika kitambaa cha pamba, nyuzi ni nyembamba na nyingi, ukipoteza mmoja pembeni hakuna atakayejua. Hapa utepe mmoja ni asilimia 5.

Tena si lazima uukate wote ndipo uupoteze. Tepe hizi zilivutwa sana kiwandani kwa urefu wake, ndiyo asili ya nguvu yake, lakini kwa upana huchanika kama jani la mgomba. Utepe uliopasuliwa na kisu ukingoni huendelea kuchanika wenyewe mashine inapovuta, mchaniko ukafika pembeni, na nusu ile ikaacha kubeba.

Mwelekeo una madhara makubwa kuliko upana. Tuseme umekata ukanda ukiwa umeinama digrii 3 kutoka kwenye mtande, kiasi ambacho jicho haliwezi kukikamata mezani. Katika milimita 200 za kutoka taya hadi taya, tepe zinahama pembeni milimita 10.5. Hizo ni tepe 4. Zimeshikwa na taya moja, ncha ya pili inaning'inia ukingoni, na mzigo zinaoupata ni ule mdogo wa kusuguana na wenzake. Tepe 16 zinafanya kazi ya 20. Hata digrii 1 inahamisha milimita 3.5, yaani asilimia 7 ya upana. Rula haiwezi kuliona hilo kwa sababu ukanda una milimita 50 juu, katikati na chini.

Kwa hiyo rula isiongoze mkato wa kitambaa kilichofumwa. Mkato uongozwe na kitambaa chenyewe. Tafuta utepe mmoja wa mtande, uukate kwenye ncha na uuchomoe taratibu hadi mwisho. Mfereji unaobaki ndio mstari wako. Kata ukanda wa tepe 26, yaani milimita 65, kisha chomoa tepe 3 upande huu na 3 upande ule. Zinabaki 20, na kila upande una mashada ya mshindio ya milimita 7.5. Mashada hayo yasinyolewe ili ukanda uonekane nadhifu. Ndiyo yanayouzuia utepe wa pembeni usiteleze nje ya mfumo wakati wa kuvutwa. Kwenye fomu andika idadi ya tepe pamoja na upana. Mtu mwingine akirudia jaribio, idadi ndiyo itakayomsaidia zaidi.

Mifuko iliyopakwa tabaka la plastiki juu haichomoki. Hapo kata kwa wembe kwa kufuata mpaka kati ya utepe na utepe. Mwanga wa taa ukiwekwa nyuma ya kitambaa, mipaka huonekana wazi.

Kitambaa cha mfuko hufumwa kwa mzunguko kama bomba, kisha kikabanwa kuwa bapa, kwa hiyo kina mikunjo miwili ya pembeni. Ukanda usipite kwenye mkunjo, isipokuwa mkunjo wenyewe ndio unaochunguzwa. Kwa kitambaa cha jora, kaa mbali na ukingo wake kwa milimita 150. Kanda tano za mtande zisikatwe moja chini ya nyingine kwenye mstari mmoja, maana zitakuwa na tepe zilezile, na utepe mmoja mbovu utazihukumu zote tano. Zipange kama ngazi, kila moja ikisogea pembeni. Fanya vilevile kwa zile tano za mshindio.

Polipropilini inateleza. Ukiona ukanda umetoka mzima lakini una mikwaruzo kwenye sehemu ya kubana, umeteleza, na namba ya mrefuko, yaani kiasi ukanda ulivyorefuka, iliyosomwa haina maana. Bandika mpira au msasa laini ndani ya taya, na uache urefu wa kutosha kila upande.

Karatasi na hewa ya mji

Karatasi ya mfuko wa saruji ina nguvu tofauti kwa urefu na kwa upana, kwa sababu nyuzi zake hulala kufuata mwendo wa mashine iliyoitengeneza. Ukipokea kipande kisicho na alama, kata kanda mbili zenye urefu sawa, moja kila upande, zishike pamoja kwa ncha moja zikiwa zimelala hewani. Inayoinama zaidi ndiyo iliyokatwa kukingama mwendo wa mashine. Geuza zote mbili na urudie, kwa sababu karatasi iliyokuwa imejikunja inaweza kukudanganya mara ya kwanza. Chora mshale kwenye kipande kikubwa kabla hujaanza kukata, na uandike namba sehemu itakayofichwa ndani ya taya. Wino wa kalamu nzito ukipakwa katikati ya ukanda unalowesha nyuzi, na kwenye baadhi ya plastiki una vimiminika vinavyoweza kuanzisha nyufa.

Karatasi hunywa unyevu wa hewa. Viwango vinataka nyuzijoto 23 na unyevu wa asilimia 50. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Januari mvua zinanyesha na hewa imeloa, Agosti midomo inapasuka kwa ukavu. Karatasi ileile ikipimwa miezi hiyo miwili kwenye chumba kisichodhibitiwa itatoa majibu mawili, na kiwanda kitaitwa kujieleza kwa kosa la anga. Kiyoyozi peke yake hakitoshi, na umeme unapokatika hakipo kabisa. Njia ya bei nafuu ni sanduku linaloziba vizuri, ndani yake sahani pana ya nitrati ya magnesi iliyochanganywa na maji kidogo hadi chumvi isiyoyeyuka ibaki inaonekana. Kwenye nyuzijoto 25 hewa ya sanduku hilo husimama karibu na asilimia 53. Kanda zining'inizwe zisigusane, zikae usiku kucha au zaidi, zitolewe moja moja wakati wa kuvutwa. Si chumba cha kiwango, na ripoti iseme hivyo, lakini Januari na Agosti zitaweza kulinganishwa.

Polietilini hainywi maji, kwa hiyo wanaoipima hudhani wameepuka habari hii. Joto linawahusu. Asubuhi ya Juni, chumba kikiwa na baridi, filamu inakuwa ngumu zaidi na kuvutika kidogo kuliko saa nane mchana.

Maungio ya jeomembrani

Chini ya bwawa la mgodi, shuka za polietilini zenye unene wa milimita 1.5 au 2 huunganishwa kwa joto, na mafundi hukata vipande vya maungio ili kuvijaribu. ASTM D6392 ndicho kinachofuatwa na wengi: kanda za upana wa milimita 25, tano za kubandua na tano za kuvuta sambamba, na kwa polietilini nzito mwendo ni milimita 50 kwa dakika. Zikate kukingama ungio kwa pembe mraba, uzipe namba 1 hadi 10, na uzipeleke kwa zamu: za witiri zibanduliwe, za shufwa zivutwe. Ukipeleka tano za kwanza kubanduliwa na tano za mwisho kuvutwa, joto la mashine ya kuunganishia likiwa limeshuka katikati ya kipande hicho, utaona tofauti usiyojua inatoka wapi.

Pembe mraba ina maana yake. Ukanda ulioinama hubanduliwa kuanzia pembe moja, kani yote ikitua kwenye ncha nyembamba ya ungio badala ya milimita 25 zote kwa pamoja. Ungio zuri linaonekana bovu.

Kisu cha mkono kwenye unene wa milimita 2 kinahitaji kupitishwa mara tatu au nne, na kila mara hakipiti palepale. Ukingo unatoka na ngazi. Polietilini nzito haisamehe ngazi. Huanza kupasuka hapo. Kalibu na presi ya haidroliki ndiyo jibu. Na kipande kisikatwe kingali na joto la jua. Upana wenyewe hubadilika kidogo, sehemu ya kumi na kitu ya milimita, lakini plastiki yenye joto ni laini na jibu la kani litashuka mbele ya macho yako. Kiweke kivulini, kipoe hadi joto la chumba, ndipo ukate, ndipo uvute.

Mabati, kwa kifupi

Chuma kinakatwa kwa kanuni nyingine. Mkasi wa bati na mashine ya kukatia shuka hugandamiza ukingo na kuufanya mgumu kuliko bati lenyewe, na ugumu huo huingia ndani kwa kiasi kinachokaribia unene wa bati. Kwa ukanda wa milimita 12.5, kata kwanza 16, kisha ondoa pande zote kwa mashine ya kusaga chuma. Bati jembamba hutetemeka likisagwa peke yake. Panga kumi, zibane kati ya vipande viwili vya chuma kinene, zisagwe kwa pamoja. Msasa wa mwisho upitishwe kwa urefu wa ukanda. Mikwaruzo inayokingama ndiyo ufa wa kesho.

Kupima ulichokata

Upana upimwe mahali patatu, katikati na karibu na kila taya, na unene hivyohivyo kwa mikrometa. Kwenye filamu laini kalipa hubana ukingo na kusoma pungufu. Laza ukanda juu ya kioo na usome kwa rula ya kioo na lenzi. Na wakati umejisumbua hivyo na upana, usisahau kwamba unene ndio wenye nafasi kubwa ya kukosewa: mikrometa inayokosea milimita 0.002 kwenye filamu ya 0.05 imekosea asilimia 4, zaidi ya mkato mbaya tuliouona mwanzoni. Futa vumbi la taya za mikrometa kwa kipande cha karatasi kabla ya kila seti.

Kanda zilizokatika zisitupwe. Ziunganishe mezani zikiwa zimepangwa kwa namba na uangalie zilikatikia wapi. Iliyokatikia ndani ya taya au ukingoni mwake haihesabiwi. Kata nyingine, na uandike ngapi zilikataliwa. Zikianzia zote kwenye ukingo, tafuta wembe butu. Kwa polietilini kuna dalili iliyo wazi zaidi: kani ya pale plastiki inapoanza kulegea inatulia vizuri kati ya ukanda na ukanda, lakini mrefuko wa kukatika unarukaruka, huu asilimia 600, ule 150. Kidato cha ukingoni hakisikiki sana mwanzoni mwa mvuto. Kinajionyesha baadaye, ukanda ukishakuwa mwembamba na kidato kikiwa kimefunguka kuwa mdomo.

Zikikatika zote kwa umbali uleule kutoka taya ya juu, tuseme milimita 30, na zilitoka kwenye kalibu, kata tano nyingine, chora mshale kuelekea ncha moja ya kalibu, kisha uzibane zikiwa zimegeuzwa juu chini. Sehemu ya kukatika ikihamia karibu na taya ya chini, kalibu ndiyo yenye pengo na inahitaji kunolewa upya. Ikibaki juu, acha kalibu, fungua taya ya juu na upapase kona zake kwa kidole.